DAKTARI GIBBON: ALIYEULISHA UBONGO MOYO UKIWA UMELALA

Mwaka huu nimeona nisiwaletee habari za wafalme wala wanasiasa, maana hao twawasoma darasani hadi tukachoka. Nawaletea habari za daktari mmoja wa Marekani ambaye huenda wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake, lakini kazi yake imefika mpaka hapa kwetu Bamburi.

Kwanza niwaeleze kisa kilichonifanya nimtafute mtu huyu. Mtaani kwetu, karibu na barabara kuu iendayo Malindi, kuna mama mmoja mzee ambaye sote twamwita Nyanya. Mjukuu wake, msichana wa miaka tisa, alikuwa akipanda ngazi tatu tu anahema kama aliyetoka kukimbizwa na mbwa. Alipopelekwa hospitali, ikaonekana kwamba vali moja ya moyo wake imeharibika. Daktari akasema dawa peke yake hazitatosha. Lazima moyo ufunguliwe, na ili ufunguliwe lazima kwanza usimamishwe.

Nyanya aliposikia neno hilo alikataa katakata. Hoja yake ilikuwa fupi. Moyo ukisimama, mtu si amekufa? Na hata akiamshwa, akili yake itarudi ile ile, ama ataletewa mtoto ambaye hamjui mamake?

Baadhi ya majirani walimcheka wakisema ni ushamba. Mimi nami nilicheka kidogo, nisiseme uongo. Lakini nilipokwenda kuuliza na kusoma, nikaona haya. Kumbe swali la Nyanya ndilo swali lililowazuia madaktari wa dunia nzima wasiuguse moyo kwa ndani kwa miaka na miaka! Na mtu aliyelijibu, tena kwa kulipia gharama kubwa ya roho yake mwenyewe, ni huyu Daktari John Gibbon.

Kuzaliwa na ujana wake

John Heysham Gibbon alizaliwa tarehe 29 Septemba 1903 katika mji wa Philadelphia. Ukoo wao ulikuwa ukoo wa utabibu hasa. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji na mwalimu wa madaktari, na yeye John alikuwa kizazi cha tano cha madaktari katika ukoo huo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ati.

Lakini msidhani aliipenda kazi hiyo tangu mwanzo. La hasha! Kijana huyu alipenda ushairi na uchoraji, na alipokuwa akisomea udaktari alitaka kuacha ili awe mwandishi. Baba yake ndiye aliyemsihi amalize kwanza masomo yake. Akakubali, na mwaka 1927 akahitimu katika chuo cha udaktari cha Jefferson huko huko Philadelphia. Hebu fikirieni, lau angaliacha! (Wale wenzangu wa kidato cha pili mnaotaka kuacha masomo ya sayansi, mmesikia?)

Usiku uliomgeuza

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Gibbon alikuwa Boston, akifanya utafiti chini ya mpasuaji aitwaye Edward Churchill. Huko kulikuwa na mgonjwa mmoja, mwanamke, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Lakini baada ya siku kadhaa bonge la damu iliyoganda lilisafiri ndani ya mishipa yake likaenda kuziba mshipa mkubwa upelekao damu mapafuni.

Gibbon aliwekwa amlinde mama yule usiku kucha. Kazi yake ilikuwa kumpima mapigo ya moyo, kumpima pumzi na kuandika. Basi alikaa pale akimtazama mgonjwa akibadilika rangi, damu ikizidi kuwa nyeusi kwa kukosa oksijeni, na mishipa ikimvimba. Kulipokucha hali ikawa mbaya kabisa. Churchill akampasua kifua mbio mbio, akaufungua ule mshipa na kuyatoa mabonge, kazi yote ikamchukua dakika sita na nusu. Dakika sita na nusu tu, jamani! Lakini mgonjwa hakuamka tena.

Kijana Gibbon, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza hata miaka thelathini, alibaki na wazo moja lisilomtoka kichwani. Alijiuliza kama kungekuwa na njia ya kuitoa ile damu nyeusi mwilini, kuipitisha nje ya mwili, kuitia oksijeni, kuiondoa hewa chafu, kisha kuirudisha mwilini ikiwa nyekundu. Yaani mashine ifanye kazi ya moyo na mapafu kwa muda, na daktari naye apate nafasi ya kufanya kazi yake bila kukimbizana na kifo.

Kwa nini dakika ni chache hivyo?

Hapa inafaa tusimame kidogo tufahamu jambo lenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, sawa na sehemu 2 kwa 100 za mwili. Lakini ulafi wake! Peke yake hutumia kama sehemu 20 kwa 100 za oksijeni yote ya mwili. Tena hauna ghala. Mguu waweza kukaa bila damu kwa muda mrefu kisha ukapona, lakini ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache mtu huzimia, na zikipita dakika nne au tano seli zake huanza kufa. Na seli za ubongo zikishafa hazioti tena kama kucha.

Sisi watoto wa Bamburi twaweza kuulinganisha na tanuri la kiwanda cha saruji. Wazee waliofanya kazi huko watakwambia kwamba lile tanuri refu huzunguka usiku na mchana. Likisimama ghafula likiwa na moto, chuma chake hupinda kwa uzito wake lenyewe, na likipinda, hasara yake si mchezo. Ndiyo maana huwekwa injini ya akiba ya kuzungusha tanuri polepole umeme ukipotea. Basi alichokitafuta Gibbon ni hiyo injini ya akiba, lakini kwa ajili ya binadamu.

Kwa hivyo, mwenzangu, usije ukadhani kwamba ugumu wa kupasua moyo ulikuwa moyo wenyewe. Moyo ni msuli, na msuli washoneka. Ugumu ulikuwa kule juu, kichwani. Mpasuaji alikuwa akishona huku chini, na ubongo unamhesabia dakika.

Mke, paka na jodari

Wazo hilo wakubwa wengi walilipuuza. Walimshauri Gibbon atafute utafiti mdogo mdogo utakaomletea matokeo ya haraka. Lakini alikuwepo mtu mmoja aliyemwamini, naye ni Mary Hopkinson, ambaye jamaa zake walimwita Maly. Mary alikuwa fundi wa maabara ya Churchill. Walioana mwaka 1931, na tangu hapo wakawa wakifanya kazi pamoja, bega kwa bega.

Mwaka 1934 walirudi Boston kuanza kuijenga mashine. Fedha zilikuwa haba. Walitumia pampu kuukuu, vipande vya mpira na vioo. Usiku mwingine Gibbon alitoka na gunia na kipande cha samaki jodari, akazurura vichochoroni kutafuta paka wa mtaani wa kufanyia majaribio. Najua kuna wenzangu watakaowahurumia paka wale, na nawaelewa. Wengi walikufa. Hilo nalo ni sehemu ya bei iliyolipwa, na si vizuri kulificha.

Kazi ya siku moja ilianza alfajiri na kumalizika usiku. Damu ya paka ilitolewa, ikatandazwa kama utando mwembamba ndani ya gudulia linalozunguka, ili oksijeni iweze kuiingia, kisha ikasukumwa mwilini. Mwaka 1935 ndipo walipofaulu. Waliuziba ule mshipa wa mapafu kabisa, mashine ikashika kazi, na paka akaendelea kuishi. Inasemekana mume na mke walishikana wakacheza dansi humo humo maabarani. Ama kweli, atafutaye hachoki, na akichoka keshapata.

Vita, kisha wahandisi

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Gibbon aliingia jeshini akiwa daktari, na kazi ya mashine ikasimama. Vilipokwisha alirudi Philadelphia, na mwaka 1946 akawa profesa katika chuo kile kile cha Jefferson.

Sasa shida ilikuwa ukubwa. Mashine ya kumtosha paka haimtoshi mtu. Ukijaribu kutandaza damu ya mtu mzima kwa njia ile ya zamani, mashine ingekuwa kubwa kama nyumba. Kwa bahati njema Gibbon alikutanishwa na Thomas Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, iliyokuwa ikitengeneza mashine za hesabu na za ofisini. Watson akampa wahandisi na vifaa bila ya kumdai malipo. Baadaye wasaidizi wa Gibbon wakagundua kwamba damu ikipita juu ya wavu wa chuma badala ya bati laini, hutibuka na kunywa oksijeni nyingi zaidi. Basi zikatundikwa nyavu kadhaa wima, na damu ikateremka juu yake kama mvua juu ya ua wa makuti.

Lakini damu ni kitu cha wivu. Haipendi kutoka mwilini. Ikigusa chuma au kioo huganda. Dawa ya kuizuia isigande, iitwayo heparini, ilikuwa imeshagunduliwa mwaka 1916, nayo bila shaka ndiyo iliyofungua njia. Hatari nyingine ilikuwa viputo vya hewa na vibonge vidogo vidogo. Kiputo kidogo tu kikipanda na damu hadi kichwani, huziba kijishipa cha ubongo, na mgonjwa huamka na kiharusi. Basi Gibbon na wenzake wakaweka vichujio. Mwanzoni mbwa wengi wa majaribio walikufa, lakini kadiri walivyorekebisha hili na lile, waliopona wakazidi kuwa wengi kuliko waliokufa.

Siku ya furaha na miezi ya majonzi

Februari mwaka 1952 Gibbon alimpasua mtoto wa miezi 15 ambaye madaktari walidhani ana tundu ndani ya moyo. Walipoufungua moyo hawakuona tundu. Kumbe ugonjwa ulikuwa mahali pengine, nje ya moyo, katika mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa. Mtoto akafa. Mashine haikukosea, waliokosea ni waliotambua ugonjwa. Lakini mzazi aliyefiwa, hilo lamsaidia nini?

Ndipo ikafika tarehe 6 Mei 1953. Mgonjwa alikuwa msichana wa miaka 18 jina lake Cecelia Bavolek, rika letu hasa, mwanafunzi wa chuo. Moyo wake ulikuwa na tundu baina ya vyumba viwili vya juu. Aliunganishwa na mashine kwa dakika 45, na kwa dakika 26 kati ya hizo mashine peke yake ndiyo iliyokuwa moyo na mapafu yake. Gibbon akalishona tundu. Cecelia akaamka, akapona, akaishi hadi mwaka 2000! Hiyo ndiyo mara ya kwanza duniani moyo wa mtu kufunguliwa na kutengenezwa huku mashine ikiulisha ubongo na mwili mzima, na mgonjwa akapona.

Mtu mwingine angewaita waandishi wa magazeti apigwe picha. Gibbon hakuwa mtu wa makeke. Hata taarifa yake ya kitabibu aliichapisha katika jarida dogo la jimbo.

Na hapa ndipo hadithi inapouma. Julai mwaka huo huo aliwapasua wasichana wawili wa miaka mitano kila mmoja. Wote wawili wakafa. Kwa hivyo kati ya wagonjwa wanne, alipona mmoja. Gibbon, aliyekuwa ameitumikia mashine hii kwa zaidi ya miaka ishirini, akasema basi. Akasitisha kuitumia kwa watu, na hakuirudia tena kazi hiyo ya kufungua moyo.

Je, alishindwa? Nimelifikiria sana swali hili. Wapo watakaosema angevumilia mwaka mmoja zaidi tu, sifa yote ingekuwa yake. Mimi nasema kujua wakati wa kutua mzigo nako ni ushujaa. Hakuwa na haki ya kuendelea kujaribu bahati yake juu ya watoto wa watu. Lakini hakuuficha mzigo ule alipoutua. Michoro ya mashine yake aliwapa wengine bila choyo. Daktari John Kirklin wa Kliniki ya Mayo, pamoja na wenzake, wakaichukua, wakairekebisha, na mwaka 1955 wakawapasua wagonjwa wanane. Wanne wakapona. Tangu hapo mlango haukufungwa tena.

Njia ya baridi

Haki haitatimia nisipowataja waliopita njia nyingine. Huko Toronto, Canada, Daktari Wilfred Bigelow alionyesha kwamba mwili ukipoozwa, ubongo hupunguza ulafi wake wa oksijeni. Tarehe 2 Septemba 1952, yaani kabla ya Cecelia, Daktari John Lewis wa Minnesota alimpooza msichana wa miaka mitano, akaziba damu isiingie moyoni kwa dakika tano na nusu, akalishona tundu, na mtoto akapona. Lakini njia hiyo peke yake ilitoa dakika chache tu, na magonjwa mengi ya moyo hayatengenezeki kwa dakika chache.

Baadaye madaktari waliziunganisha njia hizi mbili, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Mashine husukuma damu, na damu yenyewe hupoozwa humo humo mashineni. Panapohitajika kusimamisha damu yote, mfano kwenye upasuaji wa mshipa mkuu unapopinda juu ya moyo, mwili hupoozwa hadi nyuzi 20 hivi, na mara nyingi mrija mwembamba huendelea kupeleka damu kichwani peke yake. Kuna vichujio vya kunasa viputo, kuna wanaoangalia shinikizo la damu kila dakika, na kuna vibandiko vya kwenye paji la uso vinavyopima kwa mwanga kama ubongo unapata oksijeni ya kutosha. Hatari haijaisha yote, kiharusi bado chaweza kutokea, lakini si kama zamani.

Mwisho wake, na sisi huku

Gibbon alistaafu mwaka 1967, akarudia mapenzi yake ya ujanani, uchoraji na ushairi. Mwaka 1968 alitunukiwa tuzo kubwa ya Lasker. Tarehe 5 Februari 1973, alipokuwa akicheza tenisi, alipatwa na mshtuko wa moyo akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka 69. Ndiyo dunia hiyo. Aliyehangaika na mioyo ya watu, wake ndio uliomwangusha.

Huku kwetu Afrika Mashariki kazi yake ina maana ya pekee. Watoto wetu wengi huharibika vali za moyo kwa sababu ya homa inayofuata ugonjwa wa koo usiotibiwa. Kwa hivyo, nduzangu, koo likiuma sana pamoja na homa, usiridhike na kusukutua maji ya chumvi. Nenda zahanati upimwe, na ukipewa dawa zimalize zote. Ni afadhali kuziba ufa kuliko kujenga ukuta. Kwa wale ambao ukuta umeshaanguka, Hospitali ya Mater ya Nairobi imekuwa ikifanya upasuaji wa moyo kwa watoto tangu miaka ya 1990, na jirani zetu wa Dar es Salaam wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Katika vyumba vyao vya upasuaji ipo mashine ambayo ni mjukuu wa ile ya Gibbon.

Na Nyanya je? Haya niliyoyasoma nilimweleza jioni moja barazani, kwa mfano ule wa tanuri, maana marehemu mumewe alikuwa kibarua kiwandani. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza hiyo injini ya akiba huangaliwa na nani. Nikamjibu kwamba kuna mtaalamu wake maalumu ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo moja tu. Wiki iliyofuata majirani tulichanga tulichoweza, na Nyanya mwenyewe ndiye aliyempeleka mjukuu kupanda basi la Nairobi.

Msichana alirudi baada ya majuma kadhaa na kovu refu kifuani. Tulijaa uani kumpokea. Nyanya hakumkumbatia kwanza. Alimkalisha kitini akamtaka awataje binamu zake wote, mmoja mmoja, kwa kufuata umri. Mtoto akawataja wote, kisha akamkumbusha Nyanya yule wa Likoni aliyezaliwa mwezi uliopita. Hapo ndipo mzee yule alipolia.

Nami kalamu yangu naiweka chini hapa.